MGONJWA WA KIFUA AU MOYO AKIOMBWA KUINGIA UTAFITINI

Ndugu msomaji, mwezi wa Oktoba mwaka 2000 wananchi wa Kisiwa cha Mafia walitangulia katika jambo ambalo huenda wewe uliye bara hulikumbuki. Wao ndio waliokuwa wa kwanza nchini Tanzania kugawiwa dawa za kutokomeza matende na mabusha, ivamektini na albendazoli, zilizomezwa na wazima na wagonjwa pamoja, kijiji baada ya kijiji. Kampeni hiyo ilianzia kwao, ndipo ikaenea katika wilaya nyingine za pwani na hatimaye sehemu nyingi za nchi.

Ile haikuwa utafiti, ilikuwa tiba ya umma. Lakini hakuna tiba ya umma isiyotanguliwa na uchunguzi, na uchunguzi wa matende una jambo lake moja ambalo watu wa pwani hawalisahau. Vimelea vichanga vya ugonjwa huo vina tabia ya ajabu. Mchana hujificha, hasa katika mishipa midogo ya mapafu. Usiku hutoka wakaelea katika damu iliyo karibu na ngozi, saa zile zile ambazo mbu wanaowasambaza huuma. Kwa sababu hiyo, kwa miaka mingi mtaalamu aliyetaka kuwaona hakuwa na budi kubisha hodi usiku, kati ya saa nne na saa nane, amchome mtu kidole na kupaka tone la damu juu ya kipande cha kioo.

Fikiri mwenyewe. Ni usiku, watoto wamelala, taa ni ya chemni, na mlangoni kuna mgeni mwenye sindano na daftari anayetaka damu. Neno mumiani ni la zamani sana katika pwani yetu. Wazee wetu waliwasimulia watoto wao habari za watu wanaowinda damu ya wenzao ili itengenezwe dawa, na zama za ukoloni uvumi huo ulienea Afrika Mashariki nzima hata ukawaangukia wazimamoto na magari yao. Wapo wanaoucheka leo. Mimi siucheki. Ndani yake mna swali la haki kabisa: damu yangu inakwenda wapi, na nani atafaidika nayo?

Naanza na matende, ingawa makala haya yanahusu kifua na moyo, kwa sababu swali la mlangoni ni lile lile. Tena mgonjwa wa kifua au wa moyo anayeombwa kuingia katika utafiti huombwa zaidi ya tone moja la usiku mmoja. Huombwa miezi, pengine miaka, ya mwili wake. Huombwa kumeza asichokijua kwa yakini, na kurudi kila anapoitwa. Je, wewe au mzazi wako mkiombwa hivyo, mtajibu nini?

WALIOPUNGUZA MIEZI KUMI NA MINANE

Wazee watakumbuka jinsi kifua kikuu kilivyotibiwa zamani. Mgonjwa alichomwa sindano za streptomaisini na kumeza vidonge kwa muda wa miezi 18. Mwaka mzima na nusu! Mkulima aliacha shamba, mvuvi aliacha ngalawa, na wengi, walipoanza kujisikia nafuu mwezi wa tatu au wa nne, walirudi nyumbani wakaacha dawa. Ugonjwa uliwarudia ukiwa mkali kuliko mwanzo, na waliokuwa karibu nao wakaambukizwa.

Mwaka 1970 madaktari wa Afrika Mashariki, wakishirikiana na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, walianza kuwauliza wagonjwa wa Kenya, Uganda na Tanzania swali ambalo hakuna aliyekuwa na jibu lake: je, miezi sita yatosha? Wagonjwa waligawanywa kwa kura. Wa makundi manne walipewa streptomaisini na isoniazidi kila siku kwa miezi sita. Kundi moja likaongezewa rifampisini, la pili pirazinamaidi, la tatu thiasetazoni, na la nne halikuongezewa kitu. Kundi la tano lilitibiwa kwa miezi 18 kama ilivyokuwa desturi. Kisha wote wakafuatiliwa ili ionekane ni nani atarudiwa na ugonjwa.

Matokeo yalianza kuchapishwa mwaka 1972 katika jarida la madaktari liitwalo Lancet. Katika kundi la rifampisini waliorudiwa na ugonjwa walikuwa karibu 3 katika kila 100. Katika kundi la pirazinamaidi karibu 8. Makundi mawili yaliyobaki ya miezi sita yalikuwa na hali mbaya, kwani waliorudiwa walizidi 20 katika kila 100.

Tafadhali usizipite tarakimu hizo kwa haraka. Tiba ya miezi sita anayopewa leo mgonjwa wa kifua kikuu, awe Kilindoni, Kigoma, Karachi au London, ina mizizi yake katika vifua vya wagonjwa wale wa Afrika Mashariki. Si jambo dogo, na ni nadra kulisikia likisemwa. Wakati huo huo, wapo waliopangiwa kwa kura dawa zilizokuja kuonekana kuwa dhaifu. Zaidi ya mmoja katika kila watano wao aliugua tena. Hawakuonewa na mtu, kwa sababu siku kura ilipopigwa hapakuwa na aliyejua ni kundi gani litapona. Lakini walibeba mzigo kwa niaba ya wengine, na majina yao hayamo katika kitabu chochote.

Mambo hayakuishia hapo. Mwaka 1977 nchi yetu ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, ambao daktari Karel Styblo, mzaliwa wa Chekoslovakia, alikuwa mshauri wake mkuu. Na utaratibu uliojengwa hapa wa kumpima mgonjwa makohozi, kumpa dawa mbele ya macho ya mhudumu na kumwandika daftarini hadi apone ndio Shirika la Afya Duniani lililousambaza duniani katika miaka ya 1990. Thiasetazoni nayo, dawa ya bei nafuu iliyotumika kwa miongo mingi, iliachwa baada ya uchunguzi uliofanywa Nairobi na kutangazwa mwaka 1991 kuonyesha kwamba wenye virusi vya UKIMWI walibabuka ngozi kwa sababu yake, na baadhi yao wakafa. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 365 wa Tanzania na Afrika Kusini waliopimwa kwa mchanganyiko mbalimbali wa dawa, ikiwamo rifampisini ya kiwango kikubwa kuliko cha kawaida. Na mwaka 2021 utafiti wa nchi 13, Kenya na Uganda zikiwamo, ulionyesha kwamba kwa dawa fulani miezi minne yaweza kufanya kazi ya miezi sita. (Msomaji anayemeza dawa za miezi sita asikatishe kwa kusoma habari hii! Miezi minne ni ya mchanganyiko mwingine wa dawa.)

DAKTARI NAYE HUKOSEA

Kifua na moyo ni majirani wa ukuta mmoja. Kifua kikuu kikivuka mapafu chaweza kuushambulia mfuko unaouzunguka moyo. Maji hujaa humo, moyo ukabanwa kama samaki ndani ya dema, na hata ugonjwa ukiisha, mfuko ule waweza kukakamaa na kuubana moyo maisha yote. Kwa miaka mingi madaktari wengi waliamini kwamba mgonjwa wa namna hiyo akiongezewa prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, atapona vizuri zaidi. Waliamini, wakaandika, wakawafundisha wanafunzi wao.

Profesa Bongani Mayosi wa Afrika Kusini, ambaye sasa ni marehemu, aliongoza utafiti wa wagonjwa 1,400 katika nchi 8 za Afrika ili imani hiyo ipimwe. Nusu walipewa prednisoloni, nusu kidonge kisicho na dawa kilichofanana nayo kwa sura, na wala mgonjwa wala daktari aliyemhudumia hakujua ni kipi. Matokeo ya mwaka 2014 yaliwashangaza wengi. Ukijumlisha vifo, moyo kubanwa na maji na mfuko kukakamaa, makundi mawili hayakutofautiana. Ni kweli kwamba waliokakamaa mfuko walipungua kwa wale waliopata dawa. Lakini miongoni mwao, wale wenye virusi vya UKIMWI walipata saratani zaidi.

Ndiyo kusema kwamba, kwa miaka yote ile, daktari mwema mwenye nia njema aliweza kumwandikia mgonjwa wake dawa yenye madhara ambayo hakuyajua. Kisichopimwa hakijulikani, hata akisema profesa.

KURA YA HAKI NA KURA YA DHULUMA

Hapa msomaji mwenye akili yake atauliza: Je, ni haki kumnyima mgonjwa dawa ili tu tujue kitakachompata? Swali hili ndilo kiini cha mambo yote, nami naona linajibiwa vizuri kwa kuziweka habari mbili pamoja, ya Marekani na ya Uganda. Zote mbili zinahusu penisilini na zote mbili zinahusu moyo.

Katika jimbo la Alabama, mji wa Tuskegee, kuanzia mwaka 1932 idara ya afya ya Serikali ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi wapatao 600, ambao 399 kati yao walikuwa na kaswende. Kaswende ikiachwa huushambulia moyo na mshipa mkuu wa damu, pamoja na ubongo. Wanaume hao, wengi wao wakulima maskini, hawakuambiwa ugonjwa wao. Waliambiwa tu kwamba wana “damu mbaya” na kwamba wanatibiwa. Penisilini ilipothibitika kuwa inaponya kaswende, katika miaka ya 1940, hawakupewa. Waliangaliwa tu jinsi ugonjwa unavyowamaliza, hadi mwaka 1972 magazeti yalipoifichua habari hiyo. Mwaka 1997 Rais Bill Clinton aliwaomba radhi wachache waliokuwa bado hai. Sisi waandishi wa habari hulaumiwa mara nyingi kwa kupenda kuchokonoa. Siku ile uchokonozi ulisaidia.

Sasa tazama Uganda. Mtoto akiugua koo kwa vijidudu fulani na asitibiwe, kinga ya mwili wake yaweza kugeuka ikashambulia vali za moyo wake mwenyewe. Huo ndio ugonjwa wa moyo wa rumatiki, unaowavizia watoto wa maskini na kujitokeza ukubwani, mara nyingi kwa mwanamke mjamzito ambaye ghafla hawezi kupumua. Ilijulikana tangu zamani kwamba mtoto aliyekwisha kuugua homa ya rumatiki hulindwa kwa sindano za penisilini. Lakini mashine za kupima moyo kwa mawimbi ya sauti zilipoanza kuwafikia watoto mashuleni, waligunduliwa wengi ambao vali zao zina dalili za mwanzo ilhali wenyewe hawajisikii chochote. Je, na hawa wachomwe sindano yenye maumivu kila wiki nne, miaka nenda miaka rudi? Hakuna aliyejua. Pengine wengi wao wangepona wenyewe.

Taasisi ya Moyo ya Uganda na wenzao wa nje waliwapima watoto na vijana 102,200 kaskazini mwa nchi hiyo, katika eneo la Gulu. Waliothibitika kuwa na dalili hizo na kufaa kwa utafiti walikuwa 926, wenye umri wa miaka 5 hadi 17. Wazazi walielezwa, watoto wenyewe wakaelezwa kwa lugha wanayoielewa, na 916 wakakubali. Kura ikapigwa: nusu wachomwe penisilini kila wiki nne kwa miaka miwili, nusu wasichomwe bali waangaliwe. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021. Katika waliochomwa, ugonjwa ulizidi kwa watoto 3 tu; katika wasiochomwa, kwa watoto 33.

Watoto 33 si wachache, nami nikiwa mzazi wa mmojawapo ningeuliza maswali makali. Hata hivyo tofauti yake na Tuskegee ni kama ya usiku na mchana. Kule Alabama dawa ilijulikana, ikafichwa. Kule Gulu jibu halikujulikana; kila mzazi aliambiwa kwamba halijulikani; na yeyote aliweza kusema hapana. Kura ni ya haki pale tu daktari mwenyewe, akiulizwa kwa kiapo, atasema, “Sijui ipi ni bora.” Akishajua, kura inakuwa dhuluma.

Kuna tarakimu moja zaidi ya Gulu ambayo kwangu ndiyo kubwa kuliko zote. Kati ya watoto 818 ambao hesabu ya mwisho ilifanywa juu yao, 799 waliufikisha utafiti mwisho wake. Miaka miwili, na karibu wote walirudi. Utafiti hauuawi na wanaokataa mwanzoni, huuawa na wanaopotea njiani. Na hapo ndipo tunaporudi Mafia.

BIBI WA BALENI

Tuseme, ndugu msomaji, kwamba yupo mama wa miaka 58 pale Baleni. Nasema tuseme, kwa kuwa simsimulii mtu ninayemjua, ingawa wanaofanana naye si haba. Tangu ujana wake amepikia makumbi na vifuu vya nazi, ambavyo Mafia havikosekani, katika jiko lenye dirisha dogo. Moshi huo wa miaka 40 umeyala mapafu yake taratibu. Anakohoa asubuhi, anapumua kwa filimbi, na akitoka kisimani hupumzika mara mbili njiani. Siku hizi miguu inavimba. Mapafu yakishakaza, upande wa kulia wa moyo hulazimika kusukuma damu kwa nguvu mno kupita humo, mwishowe nao unachoka. Anadhani ni uzee.

Sasa muuguzi mmoja anamweleza kwamba hospitali kubwa ya Dar es Salaam inatafuta wagonjwa wa aina yake. Mazungumzo yao, yakifanywa inavyostahili, yangekuwa hivi.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Haya, niambie. Hiyo dawa mnayotaka kunipa inaponya?”

“Hatujui, bibi. Tungejua tusingekuja kukuomba. Ndiyo maana unaitwa utafiti.”

“Kumbe mnanijaribia!”

“Ndiyo, bibi, ni majaribio, nami sitakuficha. Dawa hii imekwisha kujaribiwa kwa watu wachache ionekane haina sumu. Sasa tunataka kujua kama inasaidia kuliko ile unayopewa zahanati.”

“Na nikipata kile kidonge kisicho kitu?”

“Utaendelea na dawa zako za kawaida vile vile. Hakuna atakayekunyang'anya.”

“Damu je?”

“Vijiko viwili vya chai kila unapokuja. Itapimwa Dar es Salaam. Ikitakiwa ipelekwe nje ya nchi, ni lazima iandikwe humu, nawe useme ndiyo au hapana.”

“Mume wangu sharti aulizwe.”

“Muulize, bibi, na watoto waulize. Lakini mwisho wa yote neno ni lako. Yeye hawezi kukukubalia, wala hawezi kukulazimisha.”

Muuguzi huyo anajua kazi yake. Hajasema dawa ni nzuri. Hajasema utapona. Hajamwahidi fedha, amemwahidi nauli na chakula cha safari, ambavyo ni fidia ya usumbufu na wala si bei ya damu. Akiona bibi hasomi, atamwita shahidi asiyehusika na utafiti, fomu isomwe neno kwa neno kwa Kiswahili, ndipo kidole gumba kitiwe wino. Tena atamwachia nakala aende nayo nyumbani. Mtu anayekutaka utie sahihi papo hapo, kabla hujakaa na wako, mwogope.

Nyuma ya fomu hiyo ipo mihuri ambayo bibi ana haki ya kuiona. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, inayo kamati ya maadili inayopaswa kuusoma utafiti wa afya kabla haujaanza. Majaribio ya dawa huhitaji pia kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Katika fomu huandikwa simu ya watu wa kamati, ili mwenye malalamiko asilazimike kumlalamikia yule yule anayemlalamikia. Nimeona watu wakiikunja karatasi hiyo na kufungia sukari. Ihifadhini jamani, ndiyo silaha yenu.

Kuna kosa jingine ambalo nalisema kwa upole, kwa kuwa hufanywa na wagonjwa wenyewe. Mtu akishaingia utafitini hufikiri kwamba sasa amepata tiba maalumu, basi anaacha dawa zake za zamani bila kusema. Au anatumia mizizi ya mganga wake na kuficha, akichelea kutolewa. Dawa mbili zisizojuana zaweza kugombana ndani ya mwili. Sema kila unachokunywa, hata kama ni cha aibu. Na ukiamua kutoka, sema unatoka. Sheria inakupa ruhusa ya kutoka siku yoyote bila kutoa sababu, na matibabu yako ya kawaida yanabaki palepale.

BAHARI KATIKATI

Lakini yote hayo, muhuri na ridhaa na shahidi, yatamfaa nini bibi wa Baleni iwapo hawezi kufika?

Kutoka Baleni hadi Kilindoni ni safari. Kutoka Kilindoni hadi Nyamisati ni saa kadhaa za bahari. Kutoka Nyamisati hadi Dar es Salaam ni barabara tena. Ndege zipo, lakini nauli yake si ya muuza nazi. Mgonjwa mwenye pumzi fupi na miguu iliyovimba, akiambiwa aje kila mwezi kwa mwaka mzima, ameombwa safari 12 za kwenda na 12 za kurudi, naye lazima afuatane na mtu. Na mtu huyo ni binti aliyeacha watoto au kijana aliyeacha nyavu. Kusi linapovuma kwa nguvu, hata mzima hupanda chombo akisoma dua.

Ndiyo maana watafiti wengi, bila nia mbaya yoyote, huchukua wagonjwa wanaoishi karibu na hospitali kubwa. Ni rahisi kuwafuatilia. Matokeo yake, dawa hupimwa kwa watu wa mijini kisha hupelekwa visiwani, kwa mwanamke ambaye moshi wake ni wa makumbi, ambaye ana historia ya matende na malaria, ambaye lishe yake ni samaki na muhogo. Yawezekana dawa itamfaa vile vile, na yawezekana isimfae. Kwa maoni yangu, watu wa Mafia wana sababu mbili za kulalamika na si moja. Waliochukuliwa damu usiku wanayo haki ya kuuliza majibu yako wapi. Na ambao hawakuombwa kabisa wanayo haki ya kuuliza kwa nini.

Dawa ya hilo haiko mbali. Gulu haikuwaita watoto 102,200 waende Kampala. Mashine zilipelekwa walipo watoto. Mafia ilionyesha mwaka 2000 kwamba dawa zaweza kufikishwa kila kijiji, hadi Jibondo na Juani na Chole, na watu wakazimeza. Utafiti unaomtaka mtu wa kisiwani hauna budi kuweka muuguzi kisiwani, na pale inapowezekana vipimo vya kila mwezi vifanywe Kilindoni, safari ya Dar es Salaam ibaki kwa yale tu yasiyo na mbadala. Na utakapokwisha, mtu aje barazani, si ofisini, awaambie waliotoa miili yao: dawa ilifaa, au haikufaa, au bado hatujui. Tunajua kuwatuma vijana kuhesabu minazi ya watu na kurudisha hesabu. Tushindwe kurudisha hili?

Turudi kwa bibi yetu. Tuseme amekaa na karatasi yake siku tatu. Mume amesema yake, mabinti wamesema yao, na jirani mmoja amekuja kukumbusha habari za mumiani, akapewa kahawa na kusikilizwa. Siku ya nne bibi anarudi kwa muuguzi, karatasi imekunjwa ndani ya kanga.

“Mwanangu, nimesomewa yote nimeyaelewa. Lakini kuna moja sikulisikia humu. Humu mmeandika nije kila tarehe moja. Kivuko kisipoondoka kwa sababu ya kusi, nikakosa siku yangu na dawa zikaniishia nikiwa Kilindoni ninaitazama bahari, nitahesabiwa nimeacha? Na hizo dawa nitazipata kwa nani?”

Muuguzi anaifungua fomu, anaipekua kurasa zote saba, kisha anatoa kalamu na kuanza kuliandika swali hilo kama lilivyo, ili alipeleke kwa wakubwa wake kabla bibi hajatia kidole.